Roboti yetu inajizima ikibana boksi, na mashindano yako karibu

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni nahodha wa timu ya roboti ya shule yetu, Morogoro, niko kidato cha tatu. Roboti yetu inatumia Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta inayobeba programu), mota mbili za volti 12 zenye gia, bodi ya L298N ya kuendesha mota, na sevo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe inayoamriwa) ya MG996R inayofungua na kufunga kishikio. Betri ni seli tatu za lithiamu za ukubwa wa 18650. Tukiijaribu mezani ikiwa imeunganishwa na laptopu, inafanya kila kitu. Tukiishusha sakafuni, ikifika kwenye boksi na kulibana inaganda, halafu inaanza upya kama vile ndiyo imewashwa. Programu tumeshaiandika upya, na wenzangu wanataka tuiandike tena. Zimebaki siku tisa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, nahodha. Programu iacheni. Chanzo umekitaja mwenyewe: mezani kuna waya wa USB, sakafuni haupo. Waya ule, mbali na kupeleka programu, unaleta volti 5 kutoka kwenye laptopu. Ukichomolewa, Arduino inabaki na umeme wa roboti peke yake, na huo hautoshi.

Nadhani mmechukua volti 5 za Arduino na za sevo kwenye skrubu ya 5V ya L298N, maana michoro mingi ya mitandaoni inaonyesha hivyo. Kwenye bodi hizo volti 5 kwa kawaida hutolewa na kipande kidogo cha 78M05, ambacho uwezo wake ni nusu ampea. MG996R ikibana kitu kisichosogea inaweza kuvuta hadi ampea 2.5 au karibu na hapo. Volti zinaporomoka mara moja. Uno imepangwa ijizime volti zikishuka hadi kama 2.7, kisha iwake tena zikirudi. Huko ndiko kuganda mnakokuona.

Kabla ya kukata waya, thibitisheni. Mwanzoni kabisa mwa programu wekeni mistari michache ya kuwasha na kuzima taa ya pini namba 13, mara tano, polepole. Ni ile taa ndogo yenye herufi L. Roboti ikibana boksi na mkaiona taa inahesabu tano, basi Arduino imezimika na kuwaka, hakuna haja ya kubishana tena kuhusu programu.

Dawa ni kuipa sevo umeme wake. Nunueni konveta ya kushusha volti, ile wanayotumia watu wa ndege ndogo za kuongozwa kwa redio, yenye uwezo wa ampea 5 hivi. Ile ya LM2596 inapatikana kirahisi, lakini ikifanyishwa kazi karibu na ampea 3 inachemka sana. Iwekeni volti 6 kwa kuipima na malitimita (kipimo cha umeme) sevo ikiwa bado haijaunganishwa. Iingie moja kwa moja kutoka kwenye betri, itoke kwenda kwenye sevo tu. Arduino ipeni umeme wa betri kupitia Vin, pini yake ya kuingizia umeme, na ule waya wa 5V kutoka L298N uondoeni. Hasi zote lazima zikutane: ya betri, ya konveta, ya L298N na ya Arduino. Zisipokutana sevo itatetemeka ovyo, na mtadhani mmeharibu kitu kingine. Karibu na sevo ongezeni kapasita (kifaa kinachotunza umeme kidogo wa akiba) ya mikrofaradi 1000, volti 16 au zaidi. Upande wenye mstari ni hasi. Ukigeuzwa, kapasita inaweza kupasuka.

Kwenye programu nakubali badiliko moja tu. Sevo ikiamriwa ifunge hadi nyuzi za pembe ambazo boksi halitairuhusu kuzifikia, itaendelea kusukuma na kuvuta umeme muda wote. Punguzeni nyuzi kidogo kidogo mpaka boksi lishikwe bila sevo kunguruma, na kwenye vidole vya kishikio gundisheni vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira utashika vizuri kuliko nguvu.

Sasa betri, na hapa naomba mtulie. Betri ni kama punda: uchovu wake haujulikani mpaka abebeshwe mzigo. Seli dhaifu zikiwa zimepumzika zitaonyesha volti 12 na ushee, na wote mtaridhika. Pimeni zikiwa kazini. Sukumizeni roboti kwenye ukuta, iamriwe kwenda mbele kwa sekunde mbili tu, mmoja akiangalia malitimita. Zikishuka chini ya 10, seli au kishikilia seli havifai. Seli iliyoandikwa ujazo wa 9900 mAh imeandikwa uongo. Nyingi zilizo halisi za ukubwa huo huishia karibu 3500.

Kisha rudieni jaribio hilohilo, kidole chekundu cha malitimita kikiwa kwenye chanya ya betri na cheusi kwenye skrubu ya 12V ya L298N. Volti mnazoziona hapo ndizo zinazoliwa na waya na swichi njiani. Zikizidi nusu volti, sogezeni kidole cheusi kabla ya swichi, halafu baada yake, mpaka mumkamate mlaji. Mara nyingi ni zile nyaya nyembamba za bredibodi, ubao wa kuunganishia saketi za majaribio. Hazikutengenezwa kubeba umeme wa mota. Wekeni waya laini wa milimita mraba 1, wenye nyuzi nyingi, na ncha inayoingia kwenye skrubu msiipake risasi ya kulehemu, kwa sababu risasi hubonyea taratibu na waya unalegea. Karibu na betri wekeni fyuzi ya ampea 5. Hili si la hiari: seli za lithiamu zikigusana chanya na hasi zinaweza kuwaka moto.

L298N yenyewe inakula karibu volti 2 mota zikivuta ampea moja. Zipo bodi bora, ila msiibadilishe sasa. Kazi hii yote inamalizika kwa siku mbili. Zilizobaki apewe dereva, afanye mazoezi kwa muda uleule wa mchezo, seli zikiwa zimejaa hadi volti 4.2 kila moja.

Ikigoma bado, niandikie tena ukinipa vipimo vitatu: volti za betri roboti ikiwa ukutani, volti zinazopotea njiani, na volti zinazofika kwenye sevo wakati inabana.