Gemu la jiji langu limepoa: niongeze nini?

SWALI

Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nipo Morogoro. Huu ni mwezi wa nane natengeneza gemu la jiji wazi, yaani mchezaji anazurura atakapo, mtindo wa GTA (Grand Theft Auto), kwenye laptop yangu. Mchezaji ni kijana anayeingizwa kwenye genge la wizi wa magari, na jiji nimelichora lifanane na Dar. Hadi sasa ramani ina kilomita za mraba 6, magari 20 na misheni 11, yaani kazi anazopewa mchezaji. Nikiwapa wenzangu hosteli wacheze, wanazunguka kama dakika kumi, wanagonga watu wawili watatu, wanacheka, halafu wananirudishia pedi. Wanasema gemu liko vizuri ila limepoa. Lakini hao hao kwenye GTA wanakesha, tena bila hata kugusa misheni. Sasa niongeze ramani, niongeze silaha, au shida ni picha?

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kufika mwezi wa nane peke yako na jiji linalotembea si kazi ndogo.

Nimelisoma swali lako mara mbili kwa ajili ya neno hilo moja, "limepoa". Wenzako hawakusema gemu ni dogo, wala hawakusema ni baya. Wamegonga mtu, wakacheka, wakasubiri kitakachofuata, na hakikufuata kitu. Mtu wa tatu alipogongwa na jiji likaendelea na shughuli zake, walishajua kwamba humo ndani hawaonekani. Ramani ukiifanya kilomita 60 watapoteza dakika kumi zilezile wakiwa mbali zaidi na walipoanzia.

Ukitaka kujua moto unatoka wapi, rudi kwenye asili ya hiyo GTA yenyewe. Ilianzia Dundee, Uskoti, kwenye studio iliyoitwa DMA Design. Hati yake ya usanifu ni ya 1995 na gemu liliitwa Race'n'Chase: unaliona jiji kutoka juu, magari yanakimbizana na polisi wanakimbiza. Kwa muda mrefu lilikuwa limepoa kama la kwako. Kisha ikatokea hitilafu kwenye sehemu ya msimbo (maandishi ya programu) inayoendesha magari ya polisi: badala ya kukuzuia barabarani kwa utaratibu, wakawa wanakuvamia na kukugonga kama vile wanataka kupita katikati yako. Waliokuwa wakilijaribu hawakutaka kuliachia tena. Watengenezaji wakaielewa zawadi ile, wakaijenga vizuri, na mwaka 1997 gemu likatoka kwa jina la Grand Theft Auto.

Kuna wanaoisikia habari hiyo wakadhani kilicholiokoa gemu ni fujo. Mimi naona ni kwamba jiji lilianza kujibu. Ulifanya kosa, mtu akalichukulia kwa uzito, ukapata sababu ya kukimbia, na ulipokimbia barabara zile zile ulizozizoea zikageuka. Uchochoro ukawa mlango na makutano yakawa mtego, bila mchoraji kuongeza jengo hata moja. Kazi yako kuanzia leo ni kulifundisha jiji lako kujibu, na anza na polisi.

Nitabashiri jinsi polisi wako walivyoandikwa, maana wa kwangu wa kwanza walikuwa hivyo hivyo. Kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, kila polisi anasoma mahali mchezaji alipo na kumfuata. Ni rahisi kuandika, lakini humuua mchezaji akili. Akijificha nyuma ya ukuta wanajua. Akibadilisha gari wanajua. Kilichobaki ni kukanyaga mafuta tu, na mbio za namna hiyo zinachosha upesi.

Wape polisi wote daftari moja. Ndani yake kuna mambo matatu: mahali mtuhumiwa alipoonekana mara ya mwisho, ilikuwa saa ngapi, na alikuwa kwenye chombo gani cha rangi gani. Daftari hilo linaandikwa upya pale tu polisi anapomwona kweli, yaani mstari kutoka machoni kwake kwenda kwa mchezaji haukutani na ukuta. Kipimo hicho usikifanye kila fremu, laptop yako italia. Mara nne au tano kwa sekunde zinatosha. Wakimpoteza, waende alipoonekana mwisho, kisha watawanyike kwenye makutano ya jirani. Hapo ndipo saa ya kusahau inaanza kuhesabu. Mimi kwa kosa dogo huanza na sekunde 25, halafu naongeza au kupunguza kwa kuangalia nyuso za wanaocheza.

Hebu tazama kinachotokea. Mchezaji ameiba Noah nyeupe. Nyota mbili zinaingia, zile alama za kwenye skrini zinazoonyesha polisi wanamtafuta kwa uzito gani. Anakata kona, anaiacha nyuma ya soko, anaibuka upande wa pili akiwa ndani ya bajaji, anaendesha polepole. Difenda ya polisi inakuja kwa kasi, taa zinawaka, inampita ubavuni na kwenda zake, kwa sababu daftari linasema Noah nyeupe. Hakuna bunduki iliyopigwa. Ila nakuhakikishia aliyeshika pedi ameacha kupumua kwa sekunde tatu, na mwenzake aliyekaa kitandani amesogea karibu na skrini. Mfumo huo unauandika kwa wiki mbili.

GTA wenyewe walifika hapo kwa hatua. Kwenye GTA III ya mwaka 2001 na zilizoifuata, ukitaka nyota zikutoke ulikimbilia gereji ya kupaka gari rangi. GTA IV mwaka 2008 ikaleta duara kwenye ramani ndogo: toka nje ya duara bila kuonekana, watakusahau, na ile gereji ya rangi ikakataa kukusaidia kama askari wanakuona ukiingia. GTA V mwaka 2013 ikakuonyesha hadi upande ambao kila polisi anautazama, nyota zikipepesa wakati wanakutafuta. Kuanzia hapo huhitaji tena kuwa na gari lenye kasi kuliko lao. Unaweza kukaa kimya nyuma ya ghala, ukiangalia zile pembe za macho zikizunguka kwenye ramani. Jambo la kuiga hapo ni uwazi. Mchezaji lazima ajue kwa nini nyota imeingia, nani kamwona, na afanye nini itoke. Adhabu asiyoielewa ataiita uonevu, na pedi itarudi mezani.

Pia usiwazalishe polisi mbele ya macho ya mchezaji. Magari na watu wazaliwe nje ya picha, nyuma ya jengo au baada ya kona. Gari la polisi likitokea hewani mara moja tu, jiji lako lote linageuka kuwa karatasi.

Sheria nayo isiwe ya kuua na kuiba peke yake. Mwaka 2002 studio ya Illusion Softworks ya Brno, Jamhuri ya Cheki, ilitoa Mafia, gemu lenye jiji la kubuni la Lost Heaven katika miaka ya 1930. Humo ukizidisha mwendo au ukapita taa nyekundu mbele ya polisi, anakufuata akuandikie faini. Wapo walioliona jambo hilo kero. Mimi nalipenda sana, kwa sababu linakufanya uwe mhalifu hata unapoendesha kawaida: una kitu cha kuficha kwenye buti, na taa ndio imegeuka nyekundu.

Nawe una jambo kama hilo mkononi na sijaona ukilitaja. Umechora Dar. Je, umeweka njia ya mabasi ya mwendokasi? Tangu mabasi yale yaanze 2016, kila anayepita Barabara ya Morogoro anaijua hali hiyo: upande wako foleni haisogei, na pembeni kuna njia tupu ambayo gari lako haliruhusiwi kuingia. Huo ni uamuzi wa gemu uliokamilika kabla hujaandika mstari wa msimbo. Mchezaji ana dakika tatu kufikisha gari Kimara. Aking'ang'ania foleni anachelewa. Akiingia njia ya mabasi anawahi, ila trafiki akimwona nyota inaingia, na basi likija kwa mbele hana pa kukwepea. Hakuna atakayehitaji kuelezwa. Fanya vivyo hivyo na vichochoro vya Kariakoo: bajaji na bodaboda zipite, difenda isipite. Ukishaweka hilo, magari yako 20 yataanza kutofautiana kweli. Bajaji itapendwa kwa wembamba wake, fuso litapendwa kwa kuwa hakuna anayethubutu kulizuia.

Ndiyo maana nakushauri uikate ramani. Najua inauma, umeitolea jasho. Lakini Yakuza, gemu la Sega la mwaka 2005, lilijengwa kwenye Kamurocho, mtaa wa kubuni ulioigwa kutoka Kabukicho ya Tokyo. Ni mitaa michache tu, unaimaliza kwa miguu. Mchezaji anarudi pale pale mara mia na bado kuna mlango ambao hajaufungua. Mtu huwa na hisia na mtaa anaoujua. Chagua eneo lisilozidi kilomita moja ya mraba, tuseme stendi moja ya daladala na mitaa inayoizunguka, na sehemu nyingine uifunge kwa sababu ya kwenye hadithi. GTA III ilifanya hivyo: jiji lina visiwa vitatu, na mwanzoni tu daraja linalipuliwa, unabaki kisiwa cha kwanza. Mchezaji anaona ni hadithi, na wakati huo huo linakupunguzia mzigo wa kujenga na kupakia jiji zima.

Maana mzigo wa mashine ni jambo la kweli. PlayStation 2, mashine iliyochezewa magemu hayo ya GTA, ilikuwa na memori ya megabaiti 32 tu, na jiji lilikuwa likisomwa kutoka kwenye diski huku unaendesha. Kama ulicheza GTA San Andreas utakumbuka kwamba ukipanda gari la aina fulani, ghafla unaliona kila kona. Memori ilibeba aina chache za magari kwa wakati mmoja, na la kwako tayari limo. Hakuna aliyeacha kucheza kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usijinyime usingizi kwa ajili ya picha.

Kinachostahili usingizi wako ni muda wa katikati, wa kutoka sehemu moja kwenda nyingine, maana humo ndimo mchezaji anaishi. Obbe Vermeij, aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi wa magemu ya GTA, amewahi kueleza kwamba safari ya treni kwenye GTA III ilikuwa inachosha, na kuiruka haikuwezekana kwa sababu jiji lisingewahi kupakiwa. Akaifanya kamera iwe inahama hama kando ya reli. Wenzake wakapendekeza ajaribu na kwenye magari, na ndivyo ilivyozaliwa ile kamera ya kisinema ambayo watu huiwasha wakatulia kusikiliza redio. Na redio ile si pambo. Gari bila sauti ni kusukuma kisanduku. Wewe weka muziki wa rafiki zako walioridhia kwa maandishi, na konda anayegonga bodi ya daladala.

Misheni zako 11 sijazicheza, lakini nitakuonya kwa mfano ambao kila aliyekaa kwenye kibanda cha gemu anaujua: ile ya kufukuza treni kwenye San Andreas, una pikipiki na Big Smoke, mwenzako wa genge, yuko nyuma na bunduki. Siri yake ni kutoiganda treni. Ukijitenga kidogo pembeni, Smoke anapata pembe ya kulenga. Gemu halikuambii hivyo, kwa hiyo watu wameirudia hadi kukata tamaa wakidhani shida ni uendeshaji wao. Misheni ya kwako itoe lengo na kuiacha njia. "Lete gari lile kabla ya saa kumi na mbili" inatosha. Mmoja atavunja kioo, mwingine atamsubiri mwenye gari aingie dukani, wa tatu atalivuta kwa fuso. Ukiona mtu amefanya jambo ambalo hukulifikiria na gemu likalikubali, mpe chai.

Na yule mwenye gari asiwe mdoli. Aitwe kwa jina, apige kelele, akimbilie kituo, kesho yake mchezaji amkute anasubiri daladala mahali alipokuwa akiegesha. Gemu la uhalifu ambalo walioibiwa hawapo huwa jepesi mno mkononi.

Basi kwa mwezi huu acha misheni zote. Andika daftari la polisi, weka njia ya mwendokasi na vichochoro, kisha waite watu watano hosteli, wawe wengine, si wale wa mwanzo. Kaa nyuma yao na ufunge mdomo. Usiwaelekeze hata wakikosea. Andika dakika ambayo kila mmoja ameweka pedi chini na alichokuwa akifanya muda mfupi kabla. Ukishapata karatasi hiyo nitumie pamoja na gemu, hata kama barabara bado hazijapakwa lami.