Breki za Fuso na Boxer kwa milima ya Manyovu: jibu kwa aliyeuliza pedi ipi inadumu

Mkuu, umeuliza pedi na lainingi (kile kipande kinachosugua ili gari lisimame) gani zinadumu, za kufunga kwenye Fuso ya mjomba wako inayoshusha mizigo kutoka Manyovu kuja Kigoma mjini, na kwenye Boxer yako ya bodaboda pale Mwanga. Waliotangulia wametaja majina ya kampuni, kila mtu anasifia ya kwake. Mimi nafanya kazi ya breki hapa hapa Kigoma, na kabla ya hapo nilikuwa utingo kwenye malori ya Tabora. Hilo swali la kudumu nakuomba uliweke pembeni kwanza. Lainingi inayokaa muda mrefu kupita kiasi mara nyingi ni ngumu na haishiki vizuri, tena inakula dramu (chuma cha duara kinachozunguka na gurudumu), ambayo ni ghali kuliko yenyewe. Dukani uliza itashika vipi ikishapata moto.

Nasema moto kwa sababu ya mlima. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na huko Kalinzi na Manyovu unakuta mita 1,500 hivi. Fuso ambayo na mzigo wake ina tani 15, ikishuka mita 700, nguvu inayotakiwa kuzuiwa njiani ingetosha kuchemsha pipa moja na nusu la maji kutoka ubaridi wake mpaka yatokote. Hapo sijahesabu vilima unavyopanda na kushuka tena katikati. Injini ikisaidia, sehemu ya huo moto inaishia kwenye injini. Dereva akiweka frii, yaani gia haijashika, ili abane mafuta, moto wote unaingia kwenye dramu na lainingi.

Dramu ikipata moto inatanuka na kukimbia kutoka kwenye breki shuu (chuma kilichobeba lainingi), ndiyo maana pedali inazidi kwenda chini. Wakati huo huo gundi iliyoshikamanisha lainingi inaanza kuungua na kutoa gesi, ukamataji unapungua. Dereva anakanyaga kwa nguvu zaidi, moto unaongezeka. Ukisikia watu wanasema gari "ilikata breki" mteremkoni, si mara zote kuna kitu kilichokatika. Likikaa saa moja likapoa, breki zinarudi, na mwenye gari anadhani tatizo limeisha.

Sasa kuchagua. Tazama ubavuni mwa lainingi au nyuma ya pedi, kuna maandishi, na mwishoni unaweza kukuta herufi mbili: EE, EF, FF, GG. Hizo ni alama za SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Herufi ya kwanza inaeleza ukamataji ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa ya moto sana. Kwa kipimo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Kwa gari la mlimani mimi naangalia herufi ya pili, isiwe chini ya ya kwanza. FE maana yake inashika vizuri sokoni Mwandiga, halafu ikipata moto inalegea, yaani inakuangusha pale pale unapoihitaji.

Lakini usizichukue herufi hizo kama cheti cha ubora. Hazisemi itachakaa haraka kiasi gani wala kama imegundishwa vizuri, na mtu mwenye muhuri anaweza kugonga chochote anachotaka. Kwa hiyo ishike mkononi. Bati la nyuma liwe limenyooka, pasiwe na mwanya kati ya bati na lainingi, vipande vyote vya boksi viwe na unene mmoja na maandishi mamoja. Nimeletewa boksi lenye vipande vya rangi mbili tofauti, muuzaji akasema ni mwanga wa dukani! Nilirudisha. Na jambo la lazima: ekseli moja, aina moja, kulia na kushoto, zibadilishwe pamoja. Ukichanganya, gari litavuta upande mmoja ukikanyaga kwa nguvu, na kwenye tope la masika barabara za Buha zinakupeleka mtaroni.

Hiyo hiyo ndiyo sababu ya kukataa lainingi iliyolowa oili. Malori yanayobeba mawese ya madumu yanakuja kwangu yakiwa yamechuruzika mpaka kwenye magurudumu, ingawa mara nyingi adui ni sili ya habu (raba inayozuia oili katikati ya gurudumu) iliyokufa. Mafundi wengi wanaimwagia petroli, wanaiwasha moto, wanapiga msasa, wanairudisha. Juu inakauka, ndani oili imebaki, na siku ikipata joto inapanda juu tena. Badilisha sili, osha dramu, funga lainingi mpya pande zote mbili. Najua bei inauma.

Malori ya chumvi ya Uvinza nayo yana ugonjwa wake. Kutu inaota kati ya chuma cha shuu na lainingi, inainyanyua polepole mpaka inapasuka kwenye riveti, huku ukiitazama kwa juu unaona bado nene. Shuu ya zamani ikivishwa lainingi mpya bila kusafishwa kutu mpaka chuma kitupu, umefanya kazi bure.

Unene: lainingi za dramu za lori lenye breki za upepo, Marekani wanaliondoa barabarani lori ambalo lainingi za nyuma zimefika chini ya milimita 6.4 katikati ya shuu. Huku tunasubiri riveti zilie kwenye dramu. Mwambie mjomba asifike huko, kwa sababu riveti zikishachora mifereji kwenye dramu, hata lainingi mpya haitakaa sawa. Dramu yenyewe huwa imeandikwa kipenyo cha mwisho, ipimwe kabla ya kupelekwa kuchongwa. Nyufa ndogo ndogo za juu juu unaweza kuendelea nazo, ila ufa uliopenya mpaka nje, hiyo dramu ni chuma chakavu. Na jamani, msimwagie maji dramu inayotoa moshi. Chuma cha kumimina kikipoa ghafla kinapasuka. Paki, weka gogo kwenye tairi, ngoja.

Kama breki za gari ni za upepo mtupu, kwa mfano semi za Scania, kuna habari ya fimbo ya chemba, ile inayosukumwa na upepo ukikanyaga breki. Chemba ya namba 30 ya kawaida, ukikanyaga breki fimbo isitoke zaidi ya inchi 2. Ikizidi hapo nguvu inapotea, hata lainingi ikiwa mpya. Slaki adjasta (mikono inayounganisha fimbo hiyo na breki) za kukaza kwa mkono zikazwe kila zinapolegea. Zile zinazojikaza zenyewe, ukiona unalazimika kuzikaza kila wiki, kuna kitu kibovu, ama yenyewe au kamu (chuma kinachozunguka kutanua shuu) na bushi zake, kitafutwe. Matangi ya upepo yamwagwe maji kila siku, hiyo ni kazi ya utingo na haihitaji spana. Kuna madereva wanafunga breki za trela zisifanye kazi kabisa, eti matairi yasiishe. Hao sina cha kuwaambia, ila mimi silitengenezi gari hilo mpaka zifunguliwe.

Kama Fuso yenu ni ile ambayo upepo unasukuma mafuta ya breki, basi mafuta nayo yanahusika. Kuna madaraja yake: DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanywa maji inashuka mpaka kama 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani hata ukiyaacha kwenye chupa iliyofunguliwa, kwa hiyo yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, na nunua chupa iliyofungwa, usikubali ya kupimiwa. Ukijazia oili ya injini, raba za masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) zinavimba na kazi yote inaanza upya.

Kuhusu kushuka, mwambie dereva aingie gia nzito kabla ya mteremko, awashe breki ya ekzosi (inayobana moshi ili injini izuie gari) kama ipo, kisha akanyage kwa nguvu kiasi, mwendo upungue kama kilomita 8 au 10, aachie kabisa, arudie. Kuegesha mguu kwenye pedali kutoka Kalinzi mpaka chini ndiko kunakochoma lainingi.

Boxer yako ni rahisi zaidi. Nyingi ni dramu mbele na nyuma, na kinachoziua huku ni vumbi na maji. Fungua gurudumu, futa vumbi kwa kitambaa kilicholowa. Usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, lainingi nyingine bado zina asbesto na hiyo ni sumu ya mapafu. Kamu ipake grisi kidogo sana. Ukishakaza, pedali ya nyuma ibaki na uhuru wa milimita 20 hadi 30, na gurudumu lizunguke bila kugusa. Ukikanyaga breki na ule mkono wa kamu ukavuka pembe mraba na fimbo yake, shuu zimeisha, usiendelee kukaza nati. Usiugeuze mkono wa kamu kwenye meno yake ili upate wiki mbili zaidi, kamu inaweza kupinduka ndani na gurudumu likagoma ukiwa na abiria.

Shuu mpya zizoeshe kwanza: simama taratibu mara ishirini au thelathini mjini, zikae kwenye dramu. Usifunge asubuhi ukapakia mishikaki ya watu watatu kwenda kushuka Kalinzi mchana. Na ukivuka dimbwi, gusa breki kidogo huku unatembea mpaka zikauke.

Umeuliza pia kama breki ya mbele inaangusha. Inaangusha anayeibana ghafla kwenye mchanga au akiwa amekata kona. Kwenye lami kavu uzito mwingi unakimbilia mbele ukifunga breki, kwa hiyo hiyo ndiyo inayokusimamisha. Boxer nyingi ninazofungua hapa, waya wa mbele umeshika kutu kwa kutotumika, na shuu za nyuma zimekwisha mpaka chuma. Anza na huo waya. Kuutia oili ni bei ya soda.