Mifuko Inapungua Njiani, Nani Alaumiwe?

SWALI: Nina malori matatu yanayosambaza saruji kutoka Namanve, karibu na Kampala, hadi Mukono, Jinja na Mbale. Kila wiki mifuko mitatu au minne haionekani. Mtunza stoo anamsukumia dereva, dereva anawasukumia wapakiaji. Nimewakata wote mshahara, na sasa hata kusalimiana hawasalimiani. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, makato hayo yasimamishe kwanza. Mtu anayejua atakatwa hata asipokosea, mfuko ukipasuka ataufukia katikati ya mzigo, nawe utapata habari zake Mbale.

Shida iko kwenye hesabu. Mtunza stoo anahesabu inayotoka kwenye lundo, dereva anatia saini akiwa kabini. Wahesabu pamoja mlangoni mwa lori, kila mmoja na karatasi yake, akichora kijiti kwa kila mfuko: vinne wima, cha tano kinavikata. Kila ikifika mifuko 50 wasimame na kutajiana jumla. Zikitofautiana, wanarudia 50 hiyo tu. Lori la tani 10 lina mifuko 200 ya kilo 50, na hakuna atakayekubali kuishusha yote upya saa kumi na mbili asubuhi. Uliopasuka uwekwe pembeni na uandikwe kivyake.

Kubalianeni pia lugha ya kuhesabia. Kwa Kiganda “abiri” ni ishirini. Sikio la Mswahili linasikia mbili.

Mzigo upangwe kinyume cha safari: wa Mbale mbele, wa Mukono mlangoni. Utingo akisahau hilo, mifuko ya Mbale itashushwa Mukono ili kufikia iliyo nyuma yake, na hapo ndipo mingi hupotea. Ila ya Mbale usiirundike yote ukutani mwa kabini. Mkishashusha Mukono na Jinja, uzito unabaki mbele, na ekseli ya mbele inaweza kuzidi kwenye mizani ya malori ya Magamaga, ukishapita Jinja, ingawa lori ni nusu tupu. Itandazeni chini hadi kama katikati ya bodi.

Na wapakiaji unawalipaje? Ukiwalipa kwa lori, kila kusimama kuhesabu kunawachelewesha, nao watamharakisha mtunza stoo. Walipe kwa mifuko iliyokubaliwa na pande zote mbili, uone kama hawatakuwa wa kwanza kudai hesabu irudiwe.

SWALI: Dereva akikwama hapigi simu. Najua mteja anapofoka.

JIBU: Pengine kila akipiga anaanza kufokewa na wewe. Mwekee vocha, kisha mpatane: ujumbe mfupi akiondoka, akimaliza kila kituo, na akisimama zaidi ya dakika 30. Autume gari likiwa limesimama. Mtu mmoja tu ofisini ndiye ampe mteja saa mpya. Wakiwa wawili, mteja atapewa nyakati mbili tofauti na dereva ndiye atakayetukanwa getini.