Jeli ya presha ya macho: niliyoyaona kwa kumtilia Baba dawa hapa Lamu

Asalaam aleykum wanajukwaa. Dada, umeuliza kuhusu mamako mwenye presha ya macho. Daktari amemwachisha matone ya mara mbili kwa siku, akampa dawa ya jeli ya mara moja, na sasa kila akitiwa anaona ukungu, basi huipangusa kwa ncha ya leso. Unataka kujua kama jeli ina faida au mumrudishie matone yake ya zamani.

Mimi si daktari. Nimemtilia Baba dawa ya macho kwa mikono yangu miaka 6 sasa, na hilo la kupangusa limenishtua, ndiyo maana naandika kwa kirefu. Tafadhali mwambie asipanguse. Anachokipangusa ndiyo dawa yenyewe.

Baba alikuwa nahodha. Tulianza kumshuku alipokuwa akigongana na punda hapa mtaani kwetu, Langoni. Mnajua vichochoro vyetu, punda hutokea ubavuni, na Baba alikuwa hamuoni mpaka amguse. Mbele aliona sawasawa, hata meli ya mbali aliitambua, lakini pembeni palikuwa pamekwisha kuliwa. Presha ya macho ndivyo inavyofanya kazi: maji ya ndani ya jicho hayatoki inavyopasa, yanaukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, nao hufa kuanzia uoni wa pembeni, bila maumivu. Kilichokufa hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu.

Aliandikiwa matone ya timololi, asubuhi na jioni. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri, presha ikashuka hadi 18 (ya kawaida ni kati ya 10 na 21). Ikaja Ramadhani. Baada ya Idi tulivuka kwenda Mokowe, tukapanda basi mpaka Mombasa kwa kipimo, ikasomwa 28. Daktari akamuuliza kwa upole, na Baba hakuficha: "Dawa hini yangia kooni, nami nina saumu." Mwezi mzima hakutia tone la asubuhi, na sisi nyumbani hatukujua. Asubuhi za mwezi ule alisema atajitilia mwenyewe, akawa anaingia chumbani na kichupa, anatoka nacho vilevile.

Uchungu ule wa kooni alioukimbia Baba ndio ulionifungua macho. Daktari alinieleza hivi. Jicho hubeba machozi kidogo mno, kama mikrolita 7 (mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita). Hata ukilijaza pomoni haliwezi kushika zaidi ya 30 hivi. Tone moja la kichupa ni mikrolita 30 mpaka 50. Kwa hiyo tone likianguka, sehemu humwagika papo hapo. Nyingine husukumwa na kope kila mtu anapopepesa, ikaingia katika kitundu kidogo kilicho pembeni mwa jicho upande wa pua. Kitundu hicho kina mfereji unaoshuka puani, na kutoka puani dawa hufika kooni na kwenye damu. Inayoingia ndani ya jicho lenyewe haifiki asilimia 5.

Siku ile tuliporudi nilimtazama kwa makini kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelala chali kitandani. Tone likashuka, akapepesa mara tatu nne, mchirizi ukateleza shavuni mpaka kwenye ndevu, halafu nikaona koo lake likipanda na kushuka, anameza. Mwaka mzima nilikuwa nikitia dawa na kuhesabu kwamba imeingia.

Jeli, ambayo ndiyo Baba anayotumia sasa, imetengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo hasa. Si dawa kali zaidi wala si dawa nyingine. Ni timololi ileile, lakini imechanganywa na kitu kinachoifanya ing'ang'anie jichoni isikimbilie puani. Ile ya Baba hutoka kichupani ikiwa majimaji, na ikikutana na chumvi ya machozi ndipo inapoganda kidogo. Kinachogandisha ni gundi iitwayo gelani, ambayo hutengenezwa na bakteria na hutumika pia kwenye vyakula. Nani hapa hajawahi kupika faluda? Ukiimimina ni maji, ukiiacha ipoe inashikana. Faluda hungojea ubaridi, hii hungojea chumvi. Ziko nyingine zilizotengenezwa kwa kigandishi kingine kiitwacho poloksama, nazo huenda kinyume cha faluda kabisa: zikiwa baridi ni maji, zikipata joto la mwili zinaganda. Kwa kuwa dawa inakaa muda mrefu na kutoka polepole, mara moja kwa siku inafanya kazi ya matone ya mara mbili, na inayoingia kwenye damu huwa ndogo zaidi.

Sasa ukungu wa mama. Ni kweli upo, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu huupata. Kwa kawaida hudumu kati ya sekunde 30 na dakika 5. Jicho linatazama kupitia kitu kilichoganda, lazima picha ichafuke kidogo. Baba tulikubaliana akitiwa akae kitako, asishuke ngazi wala kutoka nje mpaka paonekane wazi. Ukungu wa mama ukidumu masaa, au jicho likawa jekundu na kuuma, hilo ni jambo jingine, mrudisheni kwa daktari.

Namna ya kutia ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Hii ya kuganda machozini, geuza kichupa kichwa chini kikiwa bado kimefungwa, ukitikise mara moja, kisha ufungue. Vuta kope ya chini ifanye kijifuko, udondoshe tone moja humo. La pili halina kazi, litamwagika tu. Ncha ya kichupa isiguse kope wala kidole. Halafu afumbe macho taratibu bila kuyakaza, na wewe ubonyeze kwa kidole ile kona ya jicho karibu na pua, dakika 2 kamili. Hapo unafunga njia ya puani. Mimi huhesabu kwa tasbihi, Baba naye anavuta nyiradi zake, zinakwisha hatujachoka. Kama ana matone mengine, yatangulie, mngoje dakika 10, jeli iwe ya mwisho. Ukianza na jeli, unayaziba matone yanayofuata.

Kuhusu saumu, nilimwendea sheikh wetu kabla ya Ramadhani iliyofuata. Katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata huku, wanja au dawa ya macho haifunguzi, hata ladha yake ikifika kooni. Baba alisikia hayo na moyo wake bado ukasita, ni mtu mzima na saumu yake anaipenda. Jeli ndiyo iliyotuokoa. Namtilia baada ya daku, kabla ya adhana ya alfajiri, basi, mpaka kesho yake. Na timololi, ambayo kazi yake ni kupunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, inafaa asubuhi, kwa sababu usiku jicho lenyewe hupunguza kutengeneza maji. Ramadhani hiyo hakukosa hata siku moja. Ule uchungu wa kooni nao ulipungua sana.

Kosa langu moja nalo nilitaje, lisiwapate. Kichupa kiliisha wakati bahari imechafuka, nikaingia duka moja la dawa, nikaomba "ile dawa nzito ya macho". Nikapewa tyubu, nikaambiwa zote ni sawa. Siku ya 9 ndipo nilipoisoma: tetrasaiklini asilimia 1, malhamu ya mafuta ya kuua vijidudu. Ni dawa nzuri kwa trakoma, lakini presha ya macho haiigusi. Siku 9 Baba alikaa bila kinga, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpaka. Nililia. Tangu hapo siendi dukani bila kichupa cha zamani mkononi. Uzito wa dawa haukwambii kazi yake. Kaka yangu anayeendesha boti ya kasi ana tyubu ya jeli ya kaboma kwa ajili ya macho makavu, upepo wa kusi unamkausha, na hiyo haina dawa ndani yake, inalowesha tu. Wekeni mbalimbali na za mama.

Na hili msilichukulie kirahisi: timololi, iwe tone iwe jeli, inaweza kumbana kifua mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo. Kama mama ana pumu au moyo, daktari lazima ajue, hata kama hakuuliza. Msimwachishe kwa uamuzi wenu pia.

Watu wa sayansi wamefika mbali zaidi. Mwaka 2018 Marekani waliidhinisha kijiti kidogo cha jeli chenye deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa maumivu baada ya upasuaji wa macho. Daktari hukitumbukiza ndani ya kile kitundu cha machozi chenyewe, kinatoa dawa polepole hadi siku 30, halafu kinayeyuka. Njia ileile iliyokuwa ikituibia dawa wameigeuza kuwa ghala. Ya presha ya macho ya namna hiyo ingemfaa sana mzee anayeishi kisiwani.

Dada, jambo la mwisho ni lako wewe. Ugonjwa huu hutembea katika familia. Mimi na ndugu zangu watatu tulipimwa, mmoja akakutwa na presha ya 26 wala haumwi popote. Nenda kapimwe, uwachukue na nduguzo.

Kisha andika hapa jina lililoko kwenye kichupa cha mama, lote kama lilivyo pamoja na asilimia yake, na kama ana dawa nyingine za macho anazotumia. Nitaingia tena baada ya isha.