Maswali ya Wasomaji: Baada ya Kimbunga, Tupeleke Nini na Tujenge Vipi?

Makala ya toleo lililopita kuhusu vimbunga vilivyozipiga Msumbiji na Malawi imetuletea barua nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Nimechagua nne, na nimezifupisha bila kubadili hoja zake.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Sisi akina mama wa jumuiya moja hapa Kizota tulichanga nguo baada ya kuona picha za Kimbunga Freddy kule Malawi mwaka 2023. Tulipata marobota kumi na moja, na mpaka leo yamekaa chumbani kwa mwenyekiti wetu kwa sababu hakuna aliyekubali kuyasafirisha. Je, tumekosea wapi, na sasa tufanye nini?
*Mama wa Kizota, Dodoma*

JIBU: Marahaba, mama. Huruma yenu haikukosea. Kilichokosea ni mzigo. Iwapo kila robota lina kilo 45 kama yale ya mitumba ya sokoni, mna karibu nusu tani ya nguo, ambayo lazima ilipiwe lori kutoka Dodoma hadi Iringa, Mbeya na mpaka wa Kasumulu, ilipiwe ushuru au iombewe msamaha wa ushuru, kisha itafutiwe ghala na watu wa kuichambua huko iendako. Gharama hiyo inaweza kuzidi thamani ya nguo zenyewe. Tena Blantyre, mji mkubwa wa kusini mwa Malawi, ina masoko ya mitumba kama sisi, na wauzaji wake nao walipigwa na mvua ile ile. Ukimwaga nguo za bure mtaani kwao, unamnyang'anya mteja mtu ambaye ndiyo kwanza ameanza kusimama.

Niliwahi kusaidia kupokea misaada katika ghala moja baada ya mafuriko ya hapa kwetu. Katika gunia la kwanza tulilofungua mlikuwa na gauni la arusi, makoti mawili mazito na viatu vya mguu wa kushoto vitupu. Wanaume wanne walichambua magunia ya namna hiyo kwa siku mbili nzima, huku mlangoni pamepangwa foleni ya watu waliokuja kuulizia sabuni, na sabuni yenyewe iko nyuma ya magunia. Jambo hilo halikuanza kwetu. Baada ya Kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, watu wa misaada wanasimulia kwamba nguo zilizotumwa zilirundikana uwanja wa ndege kiasi cha kuizuia ndege iliyobeba vifaa vya dharura isitue.

Mtu aliyetoka majini na watoto wake anahitaji turubai na kamba, ndoo yenye mfuniko, sabuni, dawa ya kutibu maji, chandarua, taulo za kike na sufuria. Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani humhesabia kila mtu angalau lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, kwa sababu kipindupindu huja nyuma ya kimbunga kama mkia. Baada ya Kimbunga Idai, kilichoingia karibu na mji wa Beira nchini Msumbiji usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, kipindupindu kilitangazwa rasmi kabla ya mwezi huo kwisha, na watu zaidi ya 800,000 wakapewa chanjo ya matone katika wiki zilizofuata.

Hata chakula kina hila zake. Ninyi mnaishi jirani na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, hivyo mmezoea kuona mahindi yakipakiwa. Lakini mahindi ni punje, na mahali ambapo umeme umekatika na mashine ya kusaga imefunikwa na tope, gunia la punje halipiki ugali. Unga nao ukilowa hauna siku nyingi.

Ushauri wangu ni huu: fungueni marobota, chambueni, uzeni nguo hizo mnadani Msalato siku ya Jumamosi, na fedha itakayopatikana ipelekeni kwa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania mkieleza ni ya waathirika wa maafa gani. Dai stakabadhi. Kama mnatamani lazima kitu cha kushikika kitoke mikononi mwenu, basi kiwe kitenge kipya, ambacho mwanamke wa Malawi atakifunga, atabebea mtoto na usiku atajifunika.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Idai ilipita mwaka 2019, lakini miaka kadhaa baadaye bado tulikuwa tukisikia habari za watu wanaoishi kwenye mahema. Je, fedha za wafadhili huliwa, au kuna sababu nyingine?
*Msomaji kijana, Dodoma*

JIBU: Swali lako ni la haki, kijana wangu, na siwezi kukuapia kwamba hakuna senti iliyopotea njiani. Hata hivyo, kabla ya kumtafuta mwizi, hesabu kwanza kilichoingia. Tathmini iliyofanywa Msumbiji baada ya Idai na Kimbunga Kenneth, kilichofuata wiki sita tu baadaye, ilionyesha kuwa kujenga upya kungehitaji dola za Marekani bilioni 3.2. Mkutano wa wafadhili uliofanyika Beira mwishoni mwa Mei 2019 ulipata ahadi za dola bilioni 1.2. Nasema ahadi, maana ahadi haichanganyi zege.

Halafu tazama wingi wa kazi. Baada ya maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, familia zilizopoteza makazi zilijengewa nyumba zaidi ya 100 katika kijiji cha Waret, na shughuli hiyo, pamoja na nguvu ya Serikali na Msalaba Mwekundu, ilichukua takribani mwaka mmoja. Idai iliharibu nyumba zaidi ya 200,000.

Kuna pia suala la kalenda, ambalo wafadhili hulisahau na wakulima hawalisahau kamwe. Idai iliingia Machi, mahindi yakiwa yamekomaa shambani yakisubiri kuvunwa. Aliyepoteza mavuno hayo alipoteza chakula cha mwaka na mbegu ya mwaka unaofuata kwa pigo moja. Na punje zilizookolewa majini si salama: sisi wa Dodoma na Manyara tunakumbuka mwaka 2016, jinsi sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ilivyoua watu kupitia mahindi ambayo kwa macho yalionekana chakula. Ndiyo maana mbegu, jembe na turubai la kuanikia vikifika kabla ya mvua za kwanza huwa na thamani kuliko nyumba ya matofali itakayofika baada ya miaka mitatu.

Watu waliohamishiwa mbali na mito ya Buzi na Pungwe karibu na Beira walipewa viwanja vya mwinuko, lakini udongo unaolisha uko bondeni, kwa hiyo wengine walilala juu na kulima chini, na wengine walirudi moja kwa moja. Usiwacheke, nani kati yetu angeacha shamba la mto akalime kokoto? Kisha Januari 2021 Kimbunga Eloise kikapiga eneo lile lile la Beira, na waliokuwa bado chini ya maturubai wakaanza upya.

Wala usidhani kwamba fedha zikiwapo kila kitu hunyooka. Kimbunga Katrina kilipoharibu New Orleans mwezi Agosti 2005, Marekani haikukosa dola. Mpango mkuu wa kuwasaidia wenye nyumba wa Louisiana ulikokotoa ruzuku kwa kuangalia thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya kuijenga, na kuchukua kiasi kilicho kidogo. Mbao na misumari vina bei moja mjini kote, ilhali nyumba za mitaa ya watu weusi zilithaminiwa chini. Matokeo yake ni kwamba mwenye mahitaji makubwa alipata pungufu, na suala hilo likafika mahakamani.

Na vipo vitu visivyoharakishwa na fedha yoyote. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja wakati wa Sultani Barghash, ilhali Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa. Uongozi wa zao hilo ukahamia Pemba, nao haujarudi Unguja mpaka leo.

SWALI: Je, kimbunga kinaweza kufika Dodoma?
*Mfanyabiashara, Mpwapwa*

JIBU: Kimbunga chenyewe, hapana. Hula joto la bahari, maji yenye nyuzi 26 au 27 kwenda juu, na kikipanda nchi kavu hufifia. Kile ambacho Wamarekani hukiita "hurricane" ni mnyama huyu huyu, jina tu ndilo hubadilika kwa bahari. Pwani yetu haina kinga: Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Kimbunga Hidaya kikasogea hadi Mafia Mei 2024. Visulisuli vyetu vya kiangazi havina undugu nacho, ingawa huezua mabanda. Mvua kubwa ndiyo ya kuogopa, kama ile ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 iliyozikumba Kilosa, Mpwapwa na Kongwa na kusomba Reli ya Kati baina ya Kidete na Gulwe.

SWALI: Upepo wa mvua umeezua nyumba yangu ya matofali ya kuchoma, bati zimeokotwa shambani kwa jirani. Fundi anataka kuzipigilia tena zilipokuwa. Je, nimkubalie?
*Mkulima, Kongwa*

JIBU: Pole sana, ndugu. Usimkubalie bado. Upepo hausukumi paa tu, bali ukipita juu yake hulivuta kwenda juu, na ukiingia dirishani hulisukuma kutoka ndani. Uzito wa bati hauwezi kushindana na nguvu hizo mbili. Kagua bati zilizookotwa: zikiwa zimechanika kwenye matundu ya misumari, misumari ilikuwa michache, zikiwa zimeondoka pamoja na papi (mbao za kupigilia bati) na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), basi paa halikuwa limefungwa ukutani, liliwekwa tu. Nyumba nyingi nilizoziona ni za aina hii ya pili.

Kenchi ifungwe kwa utepe wa chuma au waya mnene uliozamishwa ndani ya lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya ukuta, tangu zege likiwa bichi. Nyumba yako kama haina lenta, toboa ukuta mistari mitano au sita ya matofali chini ya paa, pitisha waya, uzungushe kenchi na kuukaza kwa koleo. Ongeza misumari pembezoni na kwenye kofia ya paa, maana huko ndiko upepo huanzia kufunua. Paa la migongo minne hustahimili kuliko la migongo miwili, na baraza lipewe paa lake, lisiwe mkia wa paa kubwa. Tembe za wazee wetu hazikuwa na shida hii, kwani udongo wa juu ulitosha kuzikalisha, ila mvua ya siku tatu ilizimaliza.

Fundi akikwambia amekwisha kufunga, omba ngazi, panda mwenyewe na uvute kila waya kwa mkono kabla bati la kwanza halijapigwa.