Opampu ya kujumlisha: karatasi inasema −1, mita inasoma +1

Swali: Shikamoo injinia. Nimeunga saketi ya kujumlisha volti kwa TL072 (chipu ya opampu, yaani kikuza volti), saplai ±12 V, pini ya chanya iko graundi. Volti 1 inapitia rezista ya 10k, volti −3 inapitia 20k, zote mbili zinaingia pini ya hasi, na fidibeki (rezista inayounga autiputi na pini hiyo ya hasi) ni 20k. Kwenye daftari napata −1 V ila multimita inasoma +1 V, nimebadilisha chipu mara mbili na bado iko vile vile.

Jibu: Marahaba. Chipu zako zote nzima, usinunue nyingine, mita ndo inasema kweli. Mstari wako wa kwanza umeandika V1/R1 + V2/R2 = Vo/Rf (Vo ni volti ya autiputi, Rf ni rezista ya fidibeki) na hapo hapo ndo umepotea. Kushoto umehesabu karenti zinazoingia kwenye pini ya hasi, kwa hiyo kulia inatakiwa ile inayotoka kwenda autiputi, na pini yenyewe iko 0 V (opampu inaishikilia sawa na pini ya chanya iliyo graundi), basi inayotoka ni (0 − Vo)/Rf. Wengi wanairuka hiyo sifuri wakiona haina thamani, kumbe ndo imeshika alama yote ya + au −, we iandike kila siku hata kama umeshazoea.

Sasa hakikisha bila fomula. Waya wa −3 uhamishie graundi, ubaki na volti 1: karenti ni 0.1 mA, inafika kwenye pini na opampu haili karenti (ni kidogo mno, isahau) kwa hiyo yote inapita kwenye 20k ya fidibeki, inaangusha volti 2 kuanzia sifuri, autiputi lazima iwe −2. Halafu geuza, −3 peke yake inavuta 0.15 mA kutoka kwenye pini, na hiyo karenti inatoka wapi kama si autiputi kupitia 20k? Karenti inatoka juu kwenda chini, basi autiputi iko juu ya sifuri kwa volti 3. −2 na +3 ni +1, mita yako hiyo.

Ukiona −5 ujue umedondosha mabano, ni −(2 − 3) siyo −2 − 3.

Halafu kipimo cha −2 kinataka saplai ya pande mbili kama yako, mwenye betri moja ya 9 V autiputi yake haiwezi kushuka chini ya sifuri, asianze kutafuta kosa la alama kwenye hesabu.