Kivimbe cha shingoni: usikikamue kama nilivyofanya mimi

Aliyekigundua ni kinyozi. "Kaka, huku nyuma una jipu?" Nikapapasa: kidude cha mviringo, kama punje ya hindi, hakiumi, ukikisukuma kinateleza chini ya ngozi. Katikati kilikuwa na kidoa cheusi. Nikakipuuza miaka miwili.

Kisha nikamwomba dada yangu akikamue. Kikatoka kitu cheupe kizito, harufu yake usiombe. Miezi mitatu baadaye kikarudi, sasa ukubwa wa gololi. Nikakikamua tena, na safari hii nilikikoma: shingo ikavimba, ikawa ya moto, hata kola ya shati sikuweza kuivumilia.

Daktari alinieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningejiokoa. Ule uji mweupe si usaha, wala si mafuta kama wengi tunavyodhani. Ni keratini, ileile inayojenga kucha na nywele. Chembe za ngozi ya juu zikinaswa ndani hujitengenezea kifuko, na ukuta wa kifuko hicho ndio unaoizalisha. Ukikamua, umemwaga kilichomo tu. Kifuko kipo palepale. Tena kikipasukia ndani, keratini humwagikia kwenye nyama na mwili huishambulia. Ndiyo maana huwaka vile hata pasipo wadudu, na vidonge vya antibayotiki tunavyojinunulia dukani mara nyingi havisaidii kitu.

Alinipasua kidogo kupunguza uvimbe, akaniambia nirudi baada ya wiki sita. Nilinuna, nilitaka yaishe siku hiyohiyo. Lakini kifuko kilichowaka hushikamana na nyama na huchanika kikivutwa, na kipande kikibaki, kivimbe hurudi. Niliporudi, kilichouma ni sindano ya ganzi tu. Kifuko kikatoka kizima, nikaonyeshwa, kikapelekwa maabara kupimwa. Nyuzi zilitolewa siku ya kumi.

Kama makovu yako huwa yanaota na kuwa manene, mwambie daktari kabla hajashika kisu, hasa kivimbe kikiwa kifuani, begani au kwenye ndewe ya sikio. Mama mdogo wangu ana kovu la sikio lililotokana na kutoga tu, nalo ni kubwa kuliko kivimbe changu. Kivimbe kidogo kisichouma wala kukua si lazima kiondolewe.

Ila usijipimie mwenyewe kwa kusoma habari zangu. Uvimbe mgumu usiosogea, unaokua haraka au uliochimbika kidonda, wahi hospitali. Tezi za shingo zilizovimba pamoja na kukonda na jasho la usiku huenda zikawa kifua kikuu, na hicho kina dawa zake.

Ukifika kwa daktari, muulize hivi kabla hujalala kitandani: "Leo unatoa uchafu tu, au unatoa na kifuko chake?"